Sultan Barghash na Kimbunga cha Mwaka 1872

Mwanafunzi unayejiandaa na mtihani ukiwa Kahama, Shinyanga au Geita, bahari iko mbali nawe, na huenda hujawahi kuiona. Hata hivyo usiiruke mada hii. Pembe za ndovu zilizobebwa na wapagazi kutoka Usukuma kupitia Unyanyembe ziliishia katika soko la Unguja, na mtawala wa Unguja kuanzia mwaka 1870 alikuwa Seyyid Barghash bin Said. Wengi humkumbuka kwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa tu. Ili uuelewe mkataba huo, anza na upepo.

Barghash alizaliwa mwaka 1837 hivi, akiwa mmoja wa wana wengi wa Seyyid Said. Baba yao alipofariki mwaka 1856, Majid ndiye aliyerithi Zanzibar. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, akashindwa baada ya Waingereza kumsaidia Majid, akapelekwa uhamishoni Bombay. Baadaye alirudi, akasubiri, na Majid alipofariki Oktoba 1870 akashika kiti.

Mwaka mmoja na nusu tu baadaye, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kiliipiga Unguja. Watu waliamini kisiwa chao kiko nje ya njia ya vimbunga, kwa kuwa hutokea mara chache sana karibu na ikweta. Hakuna aliyewaonya. Waya wa telegrafu ulikuwa haujafika Zanzibar. Katika kisiwa cha Mauritius, Charles Meldrum alikuwa akichora njia za vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kukusanya kumbukumbu za manahodha, lakini kumbukumbu hizo zilimfikia dhoruba ikiwa imekwisha kupita na meli zilizonusurika zimetia nanga. Bandarini Unguja vyombo vilizama au vilitupwa ufukweni, zikiwamo meli za Sultan mwenyewe. Mashambani, sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi iling'oka. Pemba ilinusurika.

Hapa tulia kidogo. Meli hununuliwa, lakini mkarafuu uliopandwa leo huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane. Mashamba ya Unguja yalihitaji kupandwa upya, na wenye mashamba walitegemea watumwa kufanya kazi hiyo. Katika hali hiyo, Januari 1873, aliwasili mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, akitaka biashara ya watumwa ya baharini ikomeshwe. Barghash alikataa, na hasara ya kimbunga ilikuwa moja ya hoja zake. Uingereza ikatishia kukizingira kisiwa kwa manowari, naye tarehe 5 Juni 1873 akatia saini. Soko la watumwa la Unguja likafungwa. Ukiulizwa kwa nini alisitasita, usiandike ukaidi peke yake. Mimi ningempa alama zaidi anayeonesha hesabu ya mashamba. Na uandike pia kwamba hesabu hiyo ilikuwa ya wenye mashamba. Waliochimba mashimo ya miche mipya hawakuulizwa.

Je, angepata habari siku tatu kabla? Linganisha na Kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari kikiwa bado baharini, boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitisha safari, na kilipofika Mafia tarehe 4 Mei watu walikuwa wanakitarajia. Barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika hata hivyo, maana tahadhari haizuii maji. Kazi ya Meldrum sasa hufanywa na programu za kompyuta. Programu hizo hugawa anga na bahari katika vyumba vidogo vidogo, huingiza katika kila chumba vipimo vya upepo, mgandamizo wa hewa, unyevu na joto la maji kutoka kwenye setilaiti, meli na vituo vya nchi kavu, kisha hukokotoa hali ya saa zijazo. Huendeshwa mara nyingi kwa tofauti ndogo. Njia zinazopatikana zikikaribiana, mtabiri hupata uhakika zaidi. Programu nyingine huilaza njia hiyo juu ya ramani ya makazi, barabara na mazao ili kukadiria madhara. Hata wewe wa Kanda ya Ziwa umo katika hesabu hizo. Kimbunga kikiwa upande wa Msumbiji kinaweza kuvuta upepo wenye unyevu kutoka misitu ya Kongo, mvua ikazidi, na mchimbaji mdogo aliye ndani ya duara anahitaji kulijua hilo mapema.

Barghash aliishi miaka kumi na sita baada ya dhoruba. Aliagiza meli mpya, Glasgow, iliyoundwa Uskoti mwaka 1878, kuziba pengo la zile zilizopotea. Telegrafu iliunganishwa na Aden mwaka 1879, mji ukavutiwa maji ya bomba, na mwaka 1883 likajengwa jumba la Beit al-Ajaib. Mikarafuu ya Pemba, ambayo upepo uliiacha, ikawa tegemeo la visiwa. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilimwachia visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Usukuma ikaangukia upande wa Wajerumani. Alifariki Machi 1888. Glasgow ilizamishwa bandarini na mizinga ya Waingereza mwaka 1896.