Maisha ya Seth Lover, Fundi Aliyenyamazisha Mvumo wa Gitaa

Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma maisha ya viongozi, wavumbuzi wa dawa na waandishi wa vitabu. Muhula huu naomba niwasimulie habari za fundi mmoja, jina lake Seth Lover. Mafundi wa magitaa ya umeme duniani kote humjua, ingawa sifa yake haikutokana na kupiga muziki. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya shida iliyonipata, nayo nitaieleza mwishoni.

Seth Lover alizaliwa tarehe 1 Januari 1910 katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, nchini Marekani. Mji huo ndio uliokuwa na kiwanda cha magitaa cha Gibson. Alipenda mambo ya redio, akawa fundi wa kutengeneza redio na vikuza sauti. Alipata kufanya kazi Gibson, kisha Vita Kuu ya Pili ikaja, akatumikia katika jeshi la majini. Mwaka 1952 alirudi Gibson.

Hapa yafaa nieleze kidogo jinsi gitaa la umeme lifanyavyo kazi. Chini ya nyuzi zake huwekwa kifaa kiitwacho pikapu. Kwetu Kagerankanda ukitaja pikapu watu hutazama barabarani, lakini hii si gari. Ni sumaku pamoja na koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara elfu nyingi. Uzi wa chuma ukitikisika mbele ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika koili. Kikuza sauti huukuza umeme huo, nasi tukasikia muziki.

Ila koili haichagui inachokipokea. Hupokea pia nguvu zinazotoka katika nyaya za nyumba, transfoma na taa za mirija. Umeme wa Marekani hugeuka mara 60 kwa sekunde, na wetu wa Tanzania mara 50. Kwa hiyo gitaa huvuma hata kama hakuna aliyeligusa. Wapigaji wa siku zile walivumilia tu.

Lover aliijua dawa ya mvumo kutokana na kazi yake ya vikuza sauti, ambamo koili zilikwisha kutumika kuuondoa. Akajiuliza kwa nini dawa hiyo isiingie ndani ya gitaa. Hakujaribu kuufungia mvumo mlango. Aliuacha uingie kwa milango miwili. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, kila moja ikiwa na mizunguko karibu 5,000. Moja ilielekezewa nyuzi ncha ya kaskazini ya sumaku, ya pili ncha ya kusini. Kisha akaziunganisha kinyume.

Mvumo haujali sumaku imeelekea wapi. Huingia katika koili zote mbili sawasawa, na kwa kuwa koili zimeunganishwa kinyume, wa huku huufuta wa kule, kama watu wawili wenye nguvu sawa wavutanao kamba. Lakini sauti ya uzi hugeuzwa mara mbili, kwanza na sumaku, pili na nyaya. Nasi twajua tangu kidato cha kwanza kwamba hasi mara hasi ni chanya. Basi sauti za koili mbili hujumlishwa, ikatoka sauti nene isiyo na mvumo.

Tarehe 22 Juni 1955 maombi ya hataza yalipelekwa, yaani haki ya mvumbuzi ilindwayo na serikali. Ilitolewa tarehe 28 Julai 1959, nayo ikawa mali ya kampuni. Wakati wa kungoja, tangu 1957, pikapu zilitiwa katika magitaa zikiwa na kibandiko kidogo cha kuarifu kwamba hataza imeombwa. Pikapu hizo leo hutafutwa kwa bei kupita magitaa mengi mapya. Baadaye kibandiko kiliwekwa namba, lakini namba yenyewe ilikuwa ya hataza nyingine, ya kifaa cha kushikia nyuzi! Aliyetaka kuiga kazi ya Lover kwa kuifuata namba ile aliambulia habari za kifaa kingine kabisa.

Haki yataka niseme pia kwamba kanuni ya koili mbili zipingazo ilijulikana kabla yake, na fundi mwingine, Ray Butts, alitengeneza pikapu ya namna hiyo miaka ile ile. Mwaka 1967 Lover alihamia kampuni ya Fender huko California, akawatengenezea pikapu nyingine ya koili mbili. Alistaafu mwaka 1975, akafariki tarehe 31 Januari 1997, akiwa na umri wa miaka 87.

Sasa nirudi kwenye shida yangu. Wakati wa likizo nilichonga gitaa la mbao ya mninga, nikalitia shingo na pikapu ya koili moja kutoka gitaa lililovunjika. Nilipolileta shuleni likavuma ukumbini kama mzinga wa nyuki. Mwalimu mlezi wa klabu ya muziki akaniambia kwamba lisiponyamaza halitapigwa siku ya mahafali. Pikapu ya namna ya Lover ilizidi fedha zangu. Basi fedha ya maharage aliyonipa mama nikanunulia koili ya pili, ndugu wa ile ya kwanza.

Kwa ruhusa ya mwalimu wa fizikia nilibandua polepole sumaku iliyo chini ya koili ya pili, nikaigeuza, nikahakikisha kwa dira. Nikachomelea nyaya, nikawasha. Ole wangu! Nyuzi zilitoa sauti nyembamba kama mbu, na mvumo ukazidi kuliko mwanzo. Usiku ule sikulala, nikiyafikiria maharage ya mama.

Asubuhi nilizisoma tena habari za Lover, nikaona kosa. Yeye aligeuza mara mbili. Mimi niligeuza sumaku tu, nyaya nikaziacha. Nikabadilisha nyaya mbili za koili moja, ya huku ikaenda kule. Nilipowasha palikuwa kimya hata nikadhani umeme umekatika. Nikagusa uzi, ukumbi mzima ukaitika.

Seth Lover alichukua alichojifunza katika kikuza sauti akakipeleka kwenye gitaa. Nami nimekichukua kutoka kwake, na baada ya mitihani kitafika Kagerankanda, kwa maana mdogo wangu amekwisha kuanza kutafuta mbao. Ndugu zangu mnaouliza sumaku na koili zitatufaa nini, pamoja na wazazi wetu wote, karibuni ukumbini siku ya mahafali mkasikilize. Kabla ya wimbo wa kwanza, sikilizeni ule ukimya.