Edward Emerson Barnard

Edward Emerson Barnard (Nashville, Tennessee, 16 Desemba 1857 – Williams Bay, Wisconsin, 6 Februari 1923) alikuwa mwanaastronomia wa Marekani. Anajulikana hasa kwa picha zake za Njia Nyeupe na kwa orodha yake ya nebula nyeusi, yaani mawingu ya gesi na vumbi yanayoziba nuru ya nyota zilizo nyuma yake.

Maisha

Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, hivyo mama alilea wavulana wawili katika ufukara. Edward alisoma shule kwa takriban miezi miwili tu. Akiwa na umri wa miaka 9 aliajiriwa katika studio ya picha mjini Nashville. Wakati ule picha zilikuzwa kwa mwanga wa jua, na kazi ya mtoto huyo ilikuwa kuigeuza mashine ya kukuzia kidogo kidogo ili ilielekee jua kutwa nzima. Alidumu studioni humo takriban miaka 17, akajifunza kusafisha na kuchapa picha.

Mwaka 1876 alinunua darubini kwa dola 380, sehemu kubwa ya mshahara wake wa mwaka. Alianza kugundua nyotamkia, na kwa zawadi ya dola 200 iliyotolewa kwa kila moja aliweza kujenga nyumba. Baada ya kuwa katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt alihamia paoneaanga pa Lick, California. Huko mwaka 1892 aligundua Amalthea, mwezi wa tano wa Mshtarii. Minne ya kwanza ilikuwa imegunduliwa na Galileo mwaka 1610. Tangu mwaka 1895 alifanya kazi katika paoneaanga pa Yerkes, Wisconsin.

Picha za Njia Nyeupe

Nuru ya nebula ni hafifu mno, hivyo bamba la kioo lenye dawa lilipaswa kuachwa wazi kwa saa kadhaa. Muda wote huo Barnard aliangalia nyota moja katika darubini ya pembeni na kuirekebisha mashine isipotee hata kidogo. Kosa dogo liliharibu kazi ya usiku mzima.

Kutoka Wisconsin sehemu ya kusini ya Njia Nyeupe huonekana chini karibu na upeo, ndani ya hewa nzito. Kwa sababu hiyo mwaka 1905 alipeleka kamera yake Mlima Wilson, California, akapiga picha za makundinyota ya Hawaa, Nge na Mshale. (Mtazamaji wa Endabash, wilayani Karatu, hahitaji safari hiyo: mnamo Julai eneo hilo hupita juu sana angani, na mabaka yake meusi huonekana kwa macho usiku usio na mwezi wala mawingu.)

Mabaka hayo yalileta swali gumu. Tangu zamani wengi waliyachukua kuwa mashimo, mahali pasipo na nyota, na Barnard mwenyewe alisita kwa miaka mingi. Usiku mmoja wa kiangazi mwaka 1913 aliona vijiwingu vya kawaida vya duniani vikipita mbele ya nyota za Mshale, navyo vilikuwa vyeusi kama yale mabaka. Mwaka 1919 alitoa orodha ya 182 kati ya hayo.

Atlasi

Kusafisha na kuchapa kulimtesa kuliko kupiga picha. Mitambo ya uchapaji ilifuta maelezo hafifu ya nebula, na kitabu cha picha alizopiga Lick kilichelewa hadi mwaka 1913 kwa sababu hakuridhika na nakala. Kwa atlasi ya pili aliamua kwamba kila nakala iwe na picha halisi za karatasi, si za wino. Nakala zilikuwa 700, na alikagua kwa macho yake zaidi ya picha 35,000, moja baada ya nyingine. Alifariki kabla ya kumaliza. Edwin Frost na Mary Calvert, msaidizi wake wa miaka mingi, walikamilisha kazi, na atlasi ikatoka mwaka 1927.

Nebula nyeusi bado hutajwa kwa herufi B na namba ya orodha yake. B33 ni ile ya Kichwa cha Farasi katika kundinyota la Jabari.