Kiki Preston: Manzi wa Vasha aliyekuwa na doo zote, lakini unga ukammaliza

Ukipanda Longonot mpaka juu, pale kwa ukingo wa kreta, geuka uangalie upande wa magharibi. Ziwa Naivasha linalala pale chini likimeta. Leo pale kuna mashamba ya maua, mahoteli, na msimu wa Safari Rally mbogi nzima ya Nairobi inateremka kupiga sherehe. Lakini kama unadhani sherehe za Vasha zilianza rally iliporudi 2021, manze, umechelewa karibu miaka mia moja. Kuna manzi alikutangulia, na hadithi yake haikuisha poa.

Alizaliwa Marekani mwaka wa 1898, jina lake Alice Gwynne, ila watu walimjua kama Kiki. Kwao hawakuhesabu sarafu. Familia yao ilikuwa imeoana na akina Vanderbilt, wale matajiri wakubwa wa reli. Alikuwa mrembo, mcheshi, na popote alipoingia macho yote yalimgeukia. Ndoa ya kwanza ilivunjika, na mwaka wa 1925 akaolewa na Mmarekani mwenzake, Jerome Preston.

Muda si mrefu wawili hao wakatua Kenya na kujenga nyumba kando ya ziwa, mahali panaitwa Mundui. Usisahau ardhi yenyewe ilitoka wapi: mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka maeneo haya ya Bonde la Ufa ili masetla wapate nafasi. Basi kina Kiki wakapata mandhari ya bure, na muda mwingi wa kuharibu.

Waliingia kwa lile genge la wazungu lililoitwa Happy Valley. Kazi kidogo, pombe nyingi, mabibi na mabwana wa wenyewe wakibadilishana. Hata huko, Kiki alikuwa na rekodi yake. Alibeba sindano ya fedha na kujidunga mbele ya wageni bila haya, kama wewe unavyotoa simu mfukoni. Morfini, heroini, kokeini, zote zilipita kwa mshipa wake. Ndiyo maana akabandikwa jina la msichana wa sindano ya fedha. Inasimuliwa kwamba mzigo ukiisha, alituma ndege Nairobi ikamletee mwingine. Naivasha hadi Nairobi ni kilomita kama 90 tu, lakini arosto haingoji barabara.

Sasa tulia kidogo tuongee kuhusu hiyo kokeini, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea rada.

Kokeini hutoka kwa majani ya mkoka, mmea wa milima ya Andes huko Peru na Bolivia. Wenyeji wa huko wameyatafuna majani hayo kwa maelfu ya miaka ili kukabili njaa na uchovu, karibu vile jamaa wa huku hukesha na miraa. Mwaka wa 1860 mwanakemia Mjerumani, Albert Niemann, alieleza jinsi alivyoitoa dawa yenyewe kwa majani hayo. Alipoionja, aligundua ulimi umekufa ganzi.

Ganzi hiyo ilikuwa habari kubwa. Mwaka wa 1884 daktari wa Vienna, Karl Koller, aliitumia kwa upasuaji wa jicho. Mgonjwa alikuwa macho kabisa na hakusikia uchungu. Inafanyaje? Mishipa ya fahamu hupitisha habari ya maumivu kwa chembe za sodiamu zinazoingia kupitia vijilango vidogo. Kokeini inaviziba. Habari haifiki kwa ubongo, na wewe husikii kitu. Sindano ya lignokaini unayodungwa ukienda kung'oa jino inafanya kazi kwa njia hiyohiyo, ila haikupandishi stimu.

Stimu inatoka kwa mlango mwingine. Ndani ya ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini. Chukulia kama matatu zinazoingia steji: zinashusha abiria, halafu zinarudi gereji. Kokeini inafunga njia ya kurudi gereji. Matatu zinajazana steji, honi kila mahali, na wewe unajihisi mfalme wa dunia. Shida ni kwamba hiyo sherehe ni fupi. Ukiivuta au kujidunga, kwa muda usiozidi saa 1 imeisha, na unabaki chini kuliko ulipoanza. Ubongo nao si mjinga. Ukiona kelele zimezidi, unapunguza vipokezi vyake vya dopamini. Kesho dozi ileile haikufikishi popote, na chakula, muziki, hata watoto wako, vyote vinapoa.

Wakati huohuo mishipa ya damu inabana na moyo unakimbia. Moyo unaweza kusimama hata kwa kijana mwenye afya, hata mara ya kwanza. Ukichanganya na pombe, ini linatengeneza sumu nyingine, kokaethilini, inayokaa mwilini muda mrefu zaidi. Na ukifanya kama Kiki, ukaongeza morfini au heroini, hatari inapanda tena: kokeini ikiisha nguvu mapema, ile nyingine inabaki ikipunguza pumzi.

Rudi kwa Kiki. Mwisho wa miaka ya 1920 alihusishwa na Prince George, mtoto wa mfalme wa Uingereza, na waandishi wengi wa maisha ya huyo mwana wa mfalme wanasema Kiki ndiye aliyemwingiza kwa unga. Kaka yake, Edward, ilibidi aingilie kati: Kiki akasukumwa atoke Uingereza, na Edward akakaa na mdogo wake mpaka akaacha. George aliponea hapo, akaoa, akalea familia, kisha akafa kwa ajali ya ndege mwaka wa 1942.

Cheki hiyo tofauti. Wote wawili walikuwa na pesa. Mmoja alipata mtu wa kumshika mkono na kukaa naye usiku ule mgumu. Mwingine alifukuzwa tu kama ugonjwa wa kuambukiza, akaendelea na sindano yake. Desemba 1946, akiwa na miaka 48, Kiki alijitoa uhai huko New York.

Kwa hivyo ukisikia watalii wakisimuliwa Happy Valley kama filamu tamu, uliza upande wa pili. Ndege, jina kubwa na nyumba ya ziwani hazikufungua ule mlango ndani ya kichwa chake. Na kama kwa mbogi yako kuna mtu ameanza kuomba deni za ajabu, halali, hali, anapotea siku mbili, usimfukuze kwa grupu ya WhatsApp ukadhani umemaliza kazi. Kaa naye. Halafu pigeni 1192, laini ya NACADA. Ni bure.