Hannibal, Jemadari wa Carthage

Zamani, mbele ya kuzaliwa Kristu, kulikuwa mji mkubwa upande wa kaskazini wa Afrika, kando ya bahari ya Mediteranea. Jina lake Carthage. Magofu yake yanaonekana hata leo katika inchi ya Tunisia. Watu wake walikuwa wafanya biashara, na merikebu zao zilifika po pote. Ng'ambo ya bahari, katika Italia, kulikuwa mji mwingine wenye nguvu, ndio Roma. Miji hii miwili iligombea kisiwa cha Sicilia kwa vita vya miaka 23. Mwaka wa 241 mbele ya Kristu Carthage ilishindwa, ikatozwa fedha nyingi.

Jemadari Hamilcar hakusahau aibu hiyo. Mwana wake Hannibal, aliyezaliwa mwaka wa 247, alipokuwa na miaka 9, baba alimpeleka mbele ya altare ya miungu yao. Akamwapisha kwamba hatakuwa rafiki wa Waroma hata siku moja. Kisha wakaenda pamoja Hispania, na mtoto akakulia kambini.

Mwaka wa 221 askari walimchagua Hannibal kuwa jemadari wao. Waroma walidhani vita vitapigwa Hispania na Afrika, lakini yeye alikata shauri kuwaendea kwao, kwa njia ya milima. Mwaka wa 218 akaondoka na jeshi kubwa na tembo 37. Walipofika mto Rhône, tembo waliogopa maji. Basi askari walitengeneza vyelezo, wakavifunika udongo, tembo wakakanyaga wakidhani ni inchi kavu. Halafu wakapanda milima ya Alpes. Wenyeji waliwaporomoshea mawe. Watu na nyama waliteleza juu ya theluji, wakaanguka mabondeni. Baada ya siku 15 hivi walishuka Italia. Walibaki watu 26,000 tu, wamechoka, wamekonda.

Hata hivyo Hannibal aliwashinda Waroma mara tatu. Mwaka wa 216, kule Cannae, aliwaagiza askari wa katikati warudi nyuma polepole. Waroma wakawafuata, kumbe wanaingia mtegoni. Wapanda farasi wakawazunguka kwa nyuma. Waroma zaidi ya 40,000 walikufa siku ile moja.

Lakini Roma haikuomba amani. Iliandika askari wapya. Hannibal alikaa Italia miaka 15, na msaada uliotoka kwao ulikuwa mdogo. Mwaka wa 207 ndugu yake Hasdrubal alikuja na jeshi kumsaidia, akauawa njiani. Waroma wakakitupa kichwa chake kambini mwa Hannibal. Kisha jemadari wao Scipio akavuka kwenda Afrika, na Hannibal akaitwa arudi kuokoa mji wake. Mwaka wa 202, kule Zama, alishindwa. Yeye mwenyewe aliwashauri wenziwe wakubali amani.

Mwaka wa 196 watu walimchagua kuutawala mji. Akaona kwamba wakubwa wanakula mali ya wote. Akawazuia wizi, na deni la Waroma likaweza kulipwa pasipo kuwatoza watu kodi mpya. Wale wakubwa wakakasirika, wakamshitaki kwa Waroma. Mwaka wa 195 akakimbia usiku kwa merikebu. Akatangatanga kwa wafalme wa Asia miaka mingi. Mwisho, katika inchi ya Bithynia, Waroma walipomtaka, mfalme akakubali kumtoa. Askari wakaizunguka nyumba yake. Hannibal akanywa sumu, akafa. Mwaka wa 146 Waroma waliuteketeza mji wa Carthage.

Watoto, Hannibal alikuwa shujaa, mwenye akili nyingi. Lakini kiapo cha chuki alichoapishwa akiwa mtoto kilimla maisha yake yote, na ushindi wake wote haukuuokoa mji wake. Alipoacha upanga na kuwakomesha wezi wa mali, ndipo alipowapunguzia watu wake mzigo.