Nta iliyoteremka usoni: maisha ya Gladys Deacon

Wiki hii nakusimulia maisha ya mwanamke aliyefariki zamani, kwa kuwa yaliyompata yanaweza kukupata wewe au binti yako, hata mkiwa Dongobesh au Katesh.

Gladys Deacon alizaliwa Paris mwaka 1881, wazazi wake wakiwa Wamarekani. Alipokuwa na miaka 11, baba yake alimpiga risasi na kumuua hawara wa mama yake. Hata hivyo binti alikua, akasifika Ulaya kwa uzuri na akili. Lakini hakuridhika na pua yake. Alitaka inyooke kama ya sanamu za Kigiriki. Mwaka 1903, akiwa na miaka 22, alichomwa sindano ya nta ya parafini puani. Miaka minne tu kabla, daktari Robert Gersuny wa Vienna alikuwa ameanza kuchoma vaselini mwilini, na mtindo huo ukaenea kabla madhara yake hayajafahamika.

Nta haikutulia. Iliteremka hadi kidevuni, ikaacha mabonge. Mwaka 1921 aliolewa na Duke wa 9 wa Marlborough, akaishi kasri la Blenheim, alikozaliwa Winston Churchill. Ndoa ikavunjika, akajitenga na watu. Mwaka 1962 alipelekwa hospitali ya magonjwa ya akili Northampton, akafia huko mwaka 1977 akiwa na miaka 96. Si nta iliyoleta yote hayo, lakini aliishi na uso ulioharibika zaidi ya miaka 70.

Leo wanaochoma kwa siri hutumia silikoni au mafuta kukuza midomo, matiti na makalio. Mwili hauwezi kuyeyusha vitu hivyo. Seli za ulinzi huvibeba kupitia mishipa ya limfu hadi kwenye tezi: za shingo, kwapa au kinena. Tezi huvimba, na njia ya limfu ikiziba, uso au mguu nao huvimba. Hayo yanaweza kutokea miaka mingi baada ya sindano.

Hapa ndipo hatari ilipo. Ukija na matezi, daktari atafikiria kwanza kifua kikuu cha tezi au saratani. Ukificha sindano, unaweza kupimwa na kutibiwa ugonjwa usio wako. Sema ulichomwa nini, wapi na lini. Siri yako italindwa.

Kabla ya kukubali sindano, uliza kama dawa imesajiliwa na TMDA na kama anayechoma ni daktari. Ukishachomwa, ngozi ikigeuka nyeupe au bluu, maumivu yakizidi, macho yakififia au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe Haydom au iliyo karibu nawe. Usikubali aliyekuchoma akukamue.

Nawe mzazi, binti akikueleza, usianze kwa kumgombeza. Mpeleke akatibiwe kwanza.