Louis Brandeis: mtoto wa Louisville aliyepeleka hesabu mahakamani

Wale mnaosoma Louisville huenda mmepita mara nyingi mbele ya shule ya sheria ya chuo kikuu bila kujua kwamba chini ya baraza lake yamezikwa majivu ya mtu. Ni ya Louis Brandeis, ambaye shule hiyo inaitwa kwa jina lake.

Alizaliwa Louisville tarehe 13 Novemba 1856. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Bohemia, na baba yake aliuza nafaka. Yaani mtoto wa wageni, kama watakavyokuwa watoto wa wengi wetu. Aliingia shule ya sheria ya Harvard akiwa na miaka 18, akamaliza mwaka 1877 kwa maksi za juu kabisa. Akafungua ofisi Boston na rafiki yake Samuel Warren, hela zikaingia. Lakini jamaa hakuridhika na hela tu: alianza kubeba kesi za umma bila malipo, hadi akajulikana kama wakili wa wananchi.

Kesi iliyompa jina ni ya mwaka 1908. Sheria ya Oregon ilikataza mwanamke kufanyishwa kazi kiwandani au kwa dobi zaidi ya saa 10 kwa siku. Curt Muller, mwenye biashara ya kufua nguo mjini Portland, alipigwa faini, akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu. Mambo yalikuwa magumu, maana mwaka 1905 mahakama hiyohiyo ilifuta sheria ya New York ya saa 10 kwa waoka mikate.

Brandeis akafanya kitu ambacho sisi wa uhandisi tunakielewa haraka: alipeleka data. Hati yake ilizidi kurasa 100, na hoja za kisheria zilichukua kurasa chache sana. Zilizobaki zilijaa ripoti za madaktari na wakaguzi wa viwanda kuhusu afya ya wanawake na watoto wao. Kazi ya kuzikusanya aliifanya shemeji yake, Josephine Goldmark, pamoja na wenzake. Tuwape haki yao. Majaji wote wakakubali.

Ila ushindi ule ulikuwa nusu. Ulimpunguzia mama saa za kazi, lakini siku ya kujifungua haukumpa hata senti. Baba hakuwemo kabisa. Na sheria za namna hiyo baadaye zilitumika kuwafungia wanawake milango ya kazi za usiku.

Mwaka 1916 Rais Wilson alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Baada ya upinzani mkali Seneti ilimpitisha kwa kura 47 dhidi ya 22, akawa Myahudi wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka 1932, katika kesi ya biashara ya barafu ya Oklahoma, alikuwa upande wa walioshindwa. Alieleza kwamba jimbo likitaka kujaribu sera mpya liachwe lijaribu, bila kuiingiza nchi nzima kwenye hatari. Alistaafu 1939, akafariki Washington tarehe 5 Oktoba 1941.

Wazo hilo ndilo linalotugusa. Sheria ya Marekani nzima, ya mwaka 1993, inatoa wiki 12 za likizo ya uzazi bila malipo, tena si kwa kila mfanyakazi. New York ikajaribu zaidi: tangu 2018 mzazi wa Buffalo aliyeajiriwa na kampuni binafsi, mama au baba, analipwa akiwa likizo. Sasa ni wiki 12, asilimia 67 ya mshahara hadi kikomo fulani, na uraia si sharti. Mwenzake wa Columbus, au wa Louisville kwao Brandeis, anategemea utashi wa mwajiri. Kenya, kwa sheria ya 2007, mama ana miezi mitatu ya mshahara kamili na baba wiki mbili. Lakini tusitambe: mama ntilie hana mwajiri wa kumlipa.

Basi, kabla hujasaini mkataba, uliza habari ya likizo. Na tukitaka kudai, tuhesabu kwanza: wangapi kati yetu wamerudi kazini kitovu cha mtoto hakijakauka? Brandeis angeanzia hapo.