Tharia Topan, tajiri wa mali ya mkopo, na nyumba yake iliyogeuka hoteli

Ukitoka Kolwezi kwenda kupumzika kwenu Sandoa, kule karibu na mto Lulua, unakuta nyumba za matofali za wakati wa Wabelgiji. Barza ndefu, kuta nene, mabati yenye kutu. Siku hizi watu wanasema: tuzitengeneze, tuweke vitanda, wageni walipe. Ni mawazo mazuri. Lakini kazi hiyo ilishafanyika mahali pengine, na nyumba moja iliyogeuzwa hivyo ilikuwa ya mtu ambaye mali yake ilitembea mpaka ndani ya nchi yetu. Aliitwa Tharia Topan.

Alizaliwa mwaka 1823 Lakhpat, katika Kutch, India ya magharibi. Wazazi hawakuwa na kitu kikubwa. Alipokuwa na miaka karibu 12 alipanda jahazi akaja Zanzibar. Wanasimulia kama alijificha ndani, bila nauli. Hadithi za matajiri njo ziko vile, kila mmoja lazima alianza na mikono mitupu. Lakini kwa huyu ni kweli kabisa kwamba alianza chini, kazi ndogondogo katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi mwenzake.

Ile nyumba ya Jairam haikuwa duka tu. Sultani wa Zanzibar hakuwa na duane yake mwenyewe. Aliikodisha: mfanya biashara anampa Sultani kiasi fulani cha pesa kila mwaka, halafu yeye mwenyewe anakusanya ushuru bandarini, na kile kinachozidi ni chake. Kijana Tharia alikaa pale, akaona kila mzigo unaoingia na kila jino la tembo linalotoka. Akajua nani ana mali na nani anajifanya. Akaanza biashara yake: karafuu, pembe, vitambaa. Mwaka 1876, wakati wa Sultani Barghash, ile duane yenyewe ikawa mikononi mwake. Alikuwa pia mkubwa wa jamaa ya Ismailia pale mjini. Stanley, yule mzungu aliyeshuka mto Kongo, aliandika vizuri juu ya uaminifu wake.

Sasa tuangalie namna mali yake ilivyofanya kazi, maana wachimbaji wataielewa kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwenye msafara hakuwa na pesa ya kuanzia. Anakwenda kwa Tharia. Anapewa merikani, yaani kitambaa cha pamba, anapewa ushanga, waya wa shaba nyeupe, bunduki, baruti. Vyote kwa deni, na bei inaandikwa juu kuliko bei ya sokoni. Anaingia bara mwaka, miaka miwili, kumi. Akirudi, pembe zinakwenda kwa mwenye kumkopesha kwanza. Creuseur wa Kolwezi hana haja ya kuelezwa zaidi. Anayekupa unga, pompe ya maji na pesa ya kuchimba shimo, njo atanunua madini yako, na mizani ni yake.

Mdeni mkubwa kuliko wote alikuwa Hamed bin Muhammed, tunayemwita Tippu Tip. Safari yake ndefu ilimtoa pwani karibu mwaka 1870, akarudi Zanzibar paka 1882. Miaka 12! Katika miaka ile alipita kwa Watabwa, akapita upande wa Kazembe, akafika Kasongo na kujifanya mtawala wa Maniema. Na muda wote ule, kule pwani, kitabu cha Tharia kilikuwa wazi, deni linangoja. Tajiri mwingine angekata tamaa. Huyu alingoja, pembe zikaja.

Hapa ni lazima kusema sawasawa: kwa Sandoa na Kapanga, katika nchi ya Mwant Yaav, njia kubwa ya biashara haikuwa hii. Pembe za Walunda zilikwenda sana magharibi, Angola, mikononi mwa Wachokwe na Waovimbundu. Njia ya pwani ya Wahindi ilifika zaidi kwa Kazembe, kwenye Luapula, na kwa Msiri kule Bunkeya, ambaye aliuza pembe na shaba pande zote mbili. Shaba ya Katanga ilikuwa imeshajua deni kabla mzungu hajaweka reli.

Na ile mizigo, nani aliibeba? Watu. Wengine kwa malipo, wengi kwa kamba shingoni. Sheria ya Waingereza ilikataza Wahindi waliokuwa chini yao kuwa na watumwa, kwa hiyo katika vitabu Tharia hakuwa mfanya biashara wa watu. Mimi naona jibu hilo ni jepesi. Aliyetoa baruti alijua baruti inafanya nini.

Alijenga nyumba yake Hurumzi, katikati ya Mji Mkongwe. Inasemekana ilikuwa ndefu kuliko zote baada ya nyumba ya Sultani. Mwaka 1887, wakati malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, Tharia akaweka jiwe la kwanza la jengo lingine karibu na bandari, liwe hospitali ya maskini. Mwaka 1890 malkia akampa cheo cha Sir. Mwaka 1891 akafa Bombay, na hospitali bado haijaisha. Mjane wake aliendelea nayo mpaka 1894. Baadaye ikauzwa kwa familia nyingine ya Wahindi, ikawa dispensari kweli, dawa chini, vyumba vya kulala juu.

Nyumba ya Hurumzi nayo ilipata kazi ambayo mwenyewe hakuitarajia. Mwaka 1897 utumwa ulipokatazwa Zanzibar, serikali ililipa fidia kwa mabwana, na ile kazi ya kulipa ilifanyika pale. Wazee wanasema jina Hurumzi linatoka katika neno uhuru. Angalia vizuri: aliyelipwa alikuwa bwana. Mtumwa aliondoka na karatasi.

Baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa serikali, zikapangishwa kwa familia nyingi bila kutengenezwa. Mvua ikaingia. Mwaka 1985 serikali ikaunda mamlaka ya kuulinda mji ule, na katika miaka ya 1990 kazi ikaanza kuonekana. Shirika la Aga Khan likatengeneza ile dispensari, na ofisi ya zamani ya simu ikageuzwa hoteli ya Serena. Nyumba ya Tharia kule Hurumzi ikachukuliwa na Mmarekani Emerson Skeens, aliyeigeuza hoteli. Juu ya paa, wageni wanakula chakula cha jioni wakiangalia bahari na minara ya misikiti. Mwaka 2000 UNESCO ikaandika Mji Mkongwe katika urithi wa dunia.

Bamason wa Sandoa wasikilize kidogo hapa. Nyumba za Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zinashikwa na boriti za mikoko. Ukuta ule unapumua: unanywa maji ya mvua, unayatoa jua likiwaka. Fundi akipiga plasta ya simenti juu yake, maji yanabaki ndani, chokaa inakuwa unga, na boriti inaoza pale inapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halioni. Nje nyumba inang'aa, ndani inakufa. Ukuta wa zamani wa matofali yaliyoshikwa kwa udongo au chokaa una ugonjwa uleule. Kwa hiyo kazi inaanza juu, kwenye paa na mifereji ya maji, halafu chokaa, na rangi inakuja mwisho kabisa. Siyo mchezo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, ile nyumba kubwa ya Barghash, ilianguka mafundi wakiwa kazini kuitengeneza. Watu wawili walikufa. Anayefanya kazi chini ya ardhi anajua ukuta hausemi kabla ya kushuka.

Nasema wazi kwamba hoteli iliiokoa nyumba ya Hurumzi. Bila wageni wa kulipa, nani angenunua chokaa kila mwaka? Lakini mgeni anayelala mle anasikia zaidi juu ya tajiri, vitanda vyake vya kuchonga na cheo cha malkia. Juu ya mpagazi aliyebeba jino la kilo 30 toka Maniema, anasikia kidogo sana. Sandoa tukianza kazi hiyo, wazee wanaojua nani alifyatua yale matofali, na kwa mshahara gani, bado wengine wanaweza kuulizwa leo.

Nyumba ya mdeni, Tippu Tip, nayo iko palepale Zanzibar, mtaa wa Shangani, na mlango wake wa mbao za kuchongwa. Alifia katika mji ule mwaka 1905. Yake haikupata bahati ya ile ya Tharia: iligawanywa vyumba kwa familia za wapangaji, na kuta zimechoka. Kila mara watu wanasema ingefaa kuwa hoteli. Anayesema hivyo aeleze kwanza wale wapangaji watalala wapi.